Presha ya boila inashuka kila wiki na sakafu ni kavu: maji yanakwenda wapi?

Swali: Boila yangu ni ya gesi, aina ile inayopasha rejeta (vyuma vya ukutani vya kupasha vyumba joto) za nyumba nzima na papo hapo kutoa maji ya moto ya bombani, bila tanki la kuhifadhia. Kila baada ya siku nne au tano presha inashuka kutoka baa 1.5 hadi chini ya 0.5, boila inagoma kuwaka, nami najaza maji tena. Mfumo ukiwa wa moto, sindano ya geji inapanda hadi karibu na 3. Nimekagua rejeta zote na sijaona hata tone. Fundi amenishauri nimwage dawa ya kuziba mivujo ndani ya mfumo. Nifanye hivyo? Na kuna ubaya wowote nikiendelea kujaza tu?

Jibu: Dawa iweke kando kwanza. Katika maelezo yako yote, lenye uzito kuliko mengine ni lile ulilolitaja kwa kupita: kwamba mfumo ukipata moto sindano inakaribia 3. Hiyo si tabia ya bomba lililotoboka. Ni tabia ya tanki la presha lililoishiwa hewa, na valvu ya usalama inayomwaga maji nje ya nyumba huku wewe ukitafuta ubichi ndani. Ila hitilafu hizi zinaweza kuwepo pamoja na mvujo wa kawaida, kwa hiyo tutapima badala ya kubahatisha.

Geji haipimi kiasi cha maji

Wengi hupotea hapa. Sindano ikishuka kwa baa moja, mtu anahesabu kwamba maji mengi yametoka. Huenda ni lita moja na nusu, huenda ni kikombe kimoja. Maji hayabanwi, na mfumo uliojaa maji matupu ungepanda na kushuka presha kwa vijiko vichache tu. Kinachoupa nafasi ya kupumua ni tanki la presha: chombo cha chuma, mara nyingi cha duara na bapa, kilichofungwa nyuma au kando ndani ya boila, chenye kiwambo cha mpira katikati. Upande mmoja wa kiwambo kuna maji ya mfumo, upande wa pili kuna hewa iliyojazwa kwa kipimo maalumu, kwa kawaida kati ya baa 0.75 na 1. Maji yakipata moto yanatanuka, yanakisukuma kiwambo, hewa inabanwa. Yakipoa, hewa inayarudisha.

Tufanye hesabu. Chukua nyumba yenye lita 80 za maji kwa jumla katika mabomba, rejeta na boila, na tanki la lita 8 lenye hewa ya baa 1. Jaza mfumo hadi baa 1.2 maji yakiwa na nyuzijoto 20, kisha yapashe hadi 65. Yatatanuka kwa asilimia 1.8 hivi, yaani karibu lita moja na nusu. Tanki likiwa zima, geji itatoka 1.2 na kusimama kwenye 1.75 au hapo karibu. Basi.

Sasa chukua tanki hilohilo, lakini hewa imevuja kidogo kidogo kwa miaka mpaka zimebaki lita 2 tu nyuma ya kiwambo. Lita moja na nusu iliyotanuka haina pa kukaa. Geji inafika 3, valvu ya usalama inafunguka, na takriban nusu lita inamwagika nje. Mfumo ukipoa, sindano hairudi 1.2, inasimama kwenye 0.7 hivi. Mzunguko mmoja tu wa moto na baridi umekula nusu ya baa, na hakuna kiungo hata kimoja kilichovuja.

Kwa upande mwingine, tanki likiwa zima, kushuka kutoka 1.5 hadi 1.0 kunahitaji lita 1.6 zitoke kweli. Zigawe kwa siku tano: ni mililita 320 kwa siku, yaani matone manne au matano kwa dakika. Tone la namna hiyo likidondokea bomba la moto au likipenya kwenye shina la valvu ya rejeta, linakauka kabla halijafika sakafuni. Ndiyo maana sakafu kavu haithibitishi kwamba hakuna mvujo.

Kutokana na hesabu hizo, mwenendo wa sindano peke yake unaweza kukuambia mengi kabla hujashika spana. Andika namba mara mbili kwa siku: asubuhi mfumo ukiwa baridi kabla ya kuwaka, na jioni baada ya kuwaka saa nzima. Ukiona tofauti kati ya baridi na moto ni ya kawaida, baa 0.3 hadi 0.8, huku namba ya asubuhi ikishuka polepole siku hadi siku, kisha inapofika karibu na 1 inaporomoka ghafla, tanki lako ni zima na maji yanavuja mahali fulani. Huko kuporomoka kuna sababu: chini ya presha ya hewa iliyojazwa, tanki halina tena maji ya kurudisha, na kuanzia hapo glasi moja ya maji inatosha kuangusha sindano. Ukiona badala yake inaruka kutoka 1.5 hadi karibu 3, kisha asubuhi iko chini kuliko jana kwa hatua kubwa, na siku ambazo hukuwasha rejeta haishuki kabisa, basi ni tanki na valvu ya usalama. Maelezo yako yanafanana na hali hii ya pili.

Na hakikisha geji yenyewe haidanganyi. Geji za sindano hukwama, hasa tundu lake dogo likijaa tope. Utakapofungua koki ya kumwagia maji katika kipimo cha tanki hapa chini, sindano iteremke kwa ulaini hadi sifuri. Ikikataa au ikiruka kwa mshtuko, badilisha geji kabla ya kuamini namba yoyote.

Mfuko wa plastiki kwenye bomba la nje

Anza na kipimo kisichogharimu kitu. Valvu ya usalama imepangwa kufunguka kwenye baa 3, na ina bomba lake la kumwagia, mara nyingi la shaba la milimita 15, linalotoboa ukuta na kuishia nje likiwa limepinda kuelekea ukutani au chini. Watu wengi hawajawahi kulitazama. Angalia ukuta chini yake: alama ya maji, chokaa nyeupe, kutu au ukungu wa kijani ni ushahidi tosha.

Kama hakuna alama, funga mfuko mdogo wa plastiki unaopitisha mwanga kwenye ncha ya bomba hilo kwa mpira laini, bila kukaza, na acha tundu dogo sehemu ya juu. Uache siku mbili mfumo ukifanya kazi kama kawaida. Maji mfukoni yanamaanisha valvu inapitisha. Yakiwa mengi kwa mkupuo, inafunguka kwa sababu presha inafika 3, na mkosaji ni tanki. Yakiwa matone tu, hata mfumo ukiwa baridi kwenye 1.2, uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu, yaani pale inapokaa kujifunga, na haifungi tena vizuri. Kwa kawaida la kwanza ndilo huzaa la pili: valvu iliyofunguka mara kadhaa hukokota tope hadi kwenye kiti chake na kuanza kudondosha daima. Kwa hiyo fundi akibadilisha valvu bila kujaza hewa kwenye tanki, valvu mpya nayo itaharibika. Akijaza hewa bila kubadilisha valvu inayodondosha, presha itaendelea kushuka na utadhani tanki halikuwa tatizo. Hivyo viwili hushughulikiwa siku moja.

Usithubutu kuziba bomba hilo kwa kifuniko ili kuzuia maji. Ndiyo njia pekee ya presha kutoka endapo kitu kingine kitashindwa. Na usisimame mbele yake mfumo ukiwa wa moto.

Kulipima tanki ipasavyo

Tanki lina valvu ndogo ya kujazia hewa, ya aina ileile ya tairi la gari, yenye kifuniko cha kuzungusha na pini katikati. Katika baadhi ya boila unaifikia kwa juu au kwa kando bila kufungua kitu. Katika nyingine iko ndani ya ganda lililofungwa kwa gasketi. Kama ni hivyo, mwachie fundi mwenye leseni ya gesi: ganda hilo ni sehemu ya kinachozuia moshi wa mwako usiingie chumbani, na likirudishwa vibaya ni hatari ya sumu ya gesi ya kaboni monoksidi.

Kwanza zima boila kwenye umeme na uiache saa mbili au tatu hadi geji isisogee tena. Ondoa kifuniko cha valvu na ubonyeze pini kwa sekunde moja. Yakitoka maji, kiwambo kimepasuka na tanki linabadilishwa, hakuna kiraka. Kisipotoka kitu, hewa imekwisha. Ikitoka hewa, bado hujajua lolote, na mafundi wenye haraka hukosea hapahapa kwa kuweka geji ya tairi, kusoma 1.2, na kutangaza kwamba tanki ni zima. Mfumo ukiwa na presha, kiwambo husawazisha pande zote mbili. Geji ya tairi inasoma presha ya maji, hata kama nyuma ya kiwambo imebaki hewa ya kujaza chupa ya soda. Kipimo cha hewa kina maana pale tu upande wa maji ukiwa sifuri.

Kwa hiyo funga valvu mbili za kutenga boila na rejeta (ya maji yanayotoka na ya yanayorudi), unganisha mpira kwenye koki ya kumwagia, ufungue hadi geji ya boila isome sifuri, na uiache koki wazi. Sasa pima hewa. Ikiwa chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha boila au kitabu chake, jaza kwa pampu ya tairi ya mguu. Kompresa kubwa usiitumie. Inaweza kukipasua kiwambo kwa sekunde chache. Kadiri unavyojaza, maji yatasukumwa na kutoka kwenye koki iliyo wazi. Yatakapokoma na geji ya tairi ikasimama kwenye kiwango, subiri dakika 15 na upime tena. Ikiwa imeshuka, paka maji ya sabuni kwenye pini uone mapovu. Moyo wa valvu hiyo hubadilishwa kama wa tairi lolote. Hakuna mapovu na bado inashuka? Kiwambo kina tundu dogo.

Kuna hali moja inayochanganya hata mafundi wazoefu: unapampu, geji ya tairi inapanda papo hapo, na hakuna tone linalotoka kwenye koki. Hapo mpira mwembamba unaounganisha tanki na boila umezibwa na tope. Tanki linaweza kuwa zima kabisa, lakini kwa mfumo ni kama halipo. Mpira huo hubadilishwa, na tope lililouziba linaonyesha kwamba mfumo mzima unahitaji kusafishwa.

Kama kibandiko hakisomeki, kanuni ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo cha maji ni baa 1. Pima urefu kutoka kwenye tanki hadi juu ya rejeta ya juu kabisa, gawanya kwa 10, ongeza 0.3. Rejeta iliyo mita 5 juu ya tanki inahitaji hewa ya 0.8. Maji hujazwa baadaye, mfumo ukiwa baridi, kwa 0.2 hadi 0.3 juu ya namba ya hewa. Yaani 1.1 inakutosha kabisa. Tabia ya kujaza hadi 1.5 au zaidi ili presha idumu inakula nafasi ileile ambayo maji yataihitaji yakitanuka, na kuisogeza valvu ya usalama karibu zaidi na kufunguka. Ukijaza zaidi, unapoteza zaidi.

Boila au mabomba? Kipimo cha usiku mmoja

Tanki likiwa sawa, bomba la nje likiwa kavu, na presha bado inashuka, gawa mfumo mara mbili. Kipimo hiki usikifanye usiku wa baridi kali ya kugandisha maji, kwa sababu boila haitaweza kuzungusha maji ya moto kujikinga.

Acha mfumo upoe, jaza hadi 1.5, na funga valvu zile mbili zilizo chini ya boila. Usikisie kwa nafasi zake; fuatilia bomba moja moja, maana kuna pia la gesi, la maji baridi yanayoingia na la maji ya moto ya bombani. Zima umeme wa boila, usitumie maji ya moto, na andika namba. Asubuhi isome tena kabla ya kufungua chochote.

Imeshuka: mvujo uko ndani ya boila. Haijashuka: sasa fungua valvu zote mbili huku ukiitazama sindano. Ikishuka mara moja, hata kidogo, mabomba au rejeta zimepoteza maji usiku kucha. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba katika boila kama yako tanki liko ndani ya boila, hivyo ukizifunga valvu, upande wa rejeta unabaki bila hewa ya kuusaidia, na hata mvujo wa kikombe kimoja unaangusha presha yake yote. Mvujo uliokuwa unajificha kwa siku tano unajitokeza kwa usiku mmoja.

Tahadhari moja: valvu ambazo hazijazungushwa kwa miaka hupenda kuanza kuvuja kwenye shina zinapoguswa. Weka kitambaa chini yake, na ukiona unyevu kaza nati ya shina kwa robo ya mzunguko.

Mvujo ukiwa ndani ya boila

Viungo, valvu iliyo juu ya pampu inayotoa hewa bila kuguswa, na oringi (pete za mpira za kuzibia viungo) huacha alama: chokaa nyeupe au ya kijani, au mchirizi wa kutu. Hivyo fundi anaviona kwa tochi. Kinachojificha ni vibadilisha joto, yaani sehemu ambamo maji hupokea joto, na viwili hivyo hufanya mambo yanayopingana.

Kile kikubwa, kilichozungukwa na moto, kikipata ufa, maji ya mfumo hudondokea kwenye chumba cha mwako na kutoka pamoja na maji ya mvuke uliopoa, yale yenye asidi kidogo yanayopita kwenye bomba jembamba la plastiki kuelekea kwenye mfereji wa maji machafu. Boila ikiwaka, bomba hilo kutoa maji ni kawaida, hata lita moja au mbili kwa saa. Kwa hiyo kulitazama boila ikiwa inawaka hakukusaidii. Litazame boila ikiwa imezimwa na kupoa kwa saa kadhaa, pale linapoishia: hapo halipaswi kutoa kitu. Likiendelea kudondosha tone baada ya tone huku sindano ikishuka, umepata jibu, na ni jibu la gharama. Kwa boila iliyozeeka, ulizia kwanza bei ya kipuri ulinganishe na ya boila mpya kabla hujaruhusu ifunguliwe.

Kile kidogo cha bamba, kinachopasha maji ya bombani, kikitoboka kwa kawaida *hupandisha* presha, kwa sababu maji ya bombani huwa na presha kubwa kuliko ya mfumo. Presha inayopanda yenyewe mfumo ukiwa baridi ina washukiwa wawili: kibadilisha joto hicho, au koki ya kujazia isiyofunga. Tenganisha mpira wa kujazia. Ikiendelea kupanda, ni kibadilisha joto. Usichanganye hali hii na ya tanki: ya tanki hupanda kwa moto na kushuka kwa baridi, hii hupanda saa zote. Ila pale ambapo maji ya bombani hukatika au presha yake ni ndogo, tundu hilohilo linaweza kuyavuta maji ya mfumo hadi kwenye mabomba ya kutumia. Na kwa msomaji mwenye tanki la maji ya moto linalolishwa na tangi la darini, koili iliyotoboka ndani yake hupoteza presha kimyakimya kwa sababu mfumo ndio wenye nguvu zaidi. Kama maji ya moto yana rangi au harufu ya dawa, usiyanywe wala usipikie.

Mvujo ukiwa kwenye mabomba na rejeta

Umesema umekagua rejeta zote. Zikague tena, safari hii kwa karatasi laini nyeupe ya chooni, asubuhi mfumo ukiwa baridi kabisa, na mara ya pili zikiwa za moto. Chuma kikipoa hujikunyata na baadhi ya viungo hupitisha maji vikiwa baridi tu. Moto ukija vinajiziba na kukausha ushahidi. Zungushia karatasi kwenye shina la kila valvu chini ya kishikio chake, kwenye nati inayounganisha valvu na rejeta, kwenye skrubu ya kutolea hewa, na chini kabisa kwenye pembe za rejeta ya taulo, ambazo hutoboka mapema kwa sababu tope hutulia hapo. Karatasi hushika unyevu ambao vidole haviuhisi. Doa la kahawia au jeusi kwenye rangi, lenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, ni tundu la kutu lililoanzia ndani. Rejeta hiyo usiikwangue, ibadilishe.

Shina linalotoa unyevu mara nyingi hupona kwa kukaza nati yake kidogo, au kwa kuzungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba ndani ya nati hiyo. Kiungo cha nati na pete ya shaba kikazwe kwa robo ya mzunguko, si zaidi, huku ukishikilia upande wa pili kwa spana nyingine. Bila ya hiyo spana ya pili unapinda bomba na kuhamishia mvujo kwenye kiungo kinachofuata.

Ukiwa na shaka na rejeta moja, ifunge pande zote mbili na uangalie kama mfumo unatulia. Upande wenye valvu iliyofunikwa kofia, hesabu mizunguko unapoifunga na uirudishe vilevile, maana ndiyo iliyopangwa kugawa maji kwa uwiano kati ya rejeta.

Kama hivi karibuni umetoa hewa kwenye rejeta, presha lazima ishuke, na hilo si hitilafu. Ila rejeta inayodai kutolewa hewa kila wiki ina jambo. Inaweza kuwa ni haidrojeni inayozalishwa na kutu ndani, na gesi hiyo huwaka, kwa hiyo usitumie kiberiti kujimulikia unapofungua skrubu.

Kuhusu kuendelea kujaza, na ile dawa

Boila inapojizima chini ya 0.5 inajilinda, kwa hiyo hatari si ya ghafla. Madhara yako kwenye maji mapya. Kila lita unayoongeza inaleta oksijeni ya kulisha kutu na chokaa ya kujibandika pale penye moto zaidi, na inazimua dawa ya kuzuia kutu iliyowekwa mwanzoni. Tope jeusi linalotokana na hapo ndilo linaloziba mpira wa tanki na kukaa kwenye kiti cha valvu ya usalama. Kwa hiyo kujaza kila wiki kwa miezi kunatengeneza hitilafu zingine. Ukilazimika kujaza, jaza mfumo ukiwa baridi: namba ya moto inadanganya, na maji baridi yakikutana na kibadilisha joto chenye moto yanaweza kukipasua. Funga koki zote mbili baada ya kujaza, na tenganisha mpira kama unatenguka.

Dawa ya kuziba mivujo haiwezi kurudisha hewa kwenye tanki wala kusafisha kiti cha valvu. Kwa hali yako itazunguka bila kuona pa kuziba, kisha itaziba penye njia nyembamba: valvu ya kutoa hewa, vijia vya kibadilisha joto cha bamba, mpira wa tanki. Inapofaa ni pale tu ambapo kipimo cha usiku kimethibitisha mvujo mdogo upande wa mabomba, mahali pasipofikika bila kuvunja sakafu, na mwenye nyumba ameamua kununua muda.

Kwa hiyo mwambie fundi kazi iende hivi: mfuko kwenye bomba la nje kwanza; kisha tanki lipimwe maji yakiwa sifuri, lijazwe hewa au libadilishwe; valvu ya usalama ibadilishwe siku hiyohiyo kama inadondosha; mfumo ujazwe 1.1 au 1.2, dawa ya kuzuia kutu iongezwe. Baada ya hapo andika namba ya asubuhi kwa wiki mbili. Siku chache za mwanzo inaweza kushuka kwa 0.1 au 0.2 kwa sababu hewa iliyoyeyuka kwenye maji mapya inatoka. Ikitulia hapo, kazi imekwisha. Ikiendelea kushuka huku tofauti ya moto na baridi sasa ikiwa ya kawaida, fanya kipimo cha usiku mmoja. Kikielekeza kwenye mabomba na karatasi isishike unyevu popote, mwite mtaalamu wa kutafuta mivujo mwenye gesi ya kufuatilia, mchanganyiko wa asilimia 95 naitrojeni na 5 haidrojeni: husukumwa ndani ya mabomba yaliyomwagwa maji, hupenya sakafu, na kifaa chake cha kunusa huonyesha kigae kimoja au viwili vya kuvunja badala ya chumba kizima.